Ng'ombe Aliyevalishwa Viatu

Baba yangu alipata ng'ombe wake wa kwanza kichwa kikiwa kimeshajaa mvi, na alimpata kwa sababu mimi niliolewa. Nasema hivi wazi maana watu wakisikia habari za mahari ya ng'ombe hudhani mzazi anakaa barazani anahesabu pembe. Baba hakuhesabu chochote. Ng'ombe wengine walikwenda kwa baba wadogo na kwa kaka zangu, kama utaratibu unavyotaka, yeye akabaki na mmoja tu, mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Alipofungwa nyumbani kwetu siku ya kwanza, baba alisimama mbele yake muda mrefu, mpaka mama akamwita mara mbili aje kula.

Lazima nieleze, la sivyo mtamcheka bure. Babu yake alikuwa mfugaji huko Burundi. Walipokimbia vita walivuka mpaka na watoto mgongoni, ng'ombe wakabaki. Baba alikulia kwenye makazi ya wakimbizi huku Mpanda, kati ya mihogo na tumbaku, akisikiliza kila jioni sifa za ng'ombe ambao hakuwahi kuwaona. Katika lugha yetu hata salamu za wazee zina ng'ombe ndani yake. Unamtakia mtu mifugo, naye anakutakia mifugo, halafu nyote wawili mnachukua majembe mnakwenda shambani. Tulipopata uraia, baba akahamia Kakese, akalima mahindi na mpunga kama watu wengine wote, na ng'ombe wakaendelea kuishi kwenye salamu.

Sasa mimi nikampata Msukuma. Watu wa mume wangu waliteremka kutoka kaskazini na mifugo yao miaka mingi iliyopita, wakafanya makazi upande wa pili wa kata, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka kwa wazazi wangu. Kwao mtoto anajua kukamua kabla hajajua kusoma. Kwetu hakuna aliyewahi kushika chuchu ya ng'ombe. Ndipo mtamba yule akahama kutoka kwa wanaojua akaja kwa wanaopenda, na mapenzi, jamani, yanaweza kumuumiza kiumbe kuliko fimbo.

Baba alimjengea banda zuri, lakini alilijenga bondeni, karibu na kisima, ili mnyama asipate shida ya maji. Mvua zilipoanza, pale chini pakawa tope tupu. Halafu kuna habari ya miguu. Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kupanda kitandani na miguu michafu. Beseni lilikaa mlangoni, na baba mwenyewe alikuwa akituosha sisi wasichana tulipokuwa wadogo, mmoja baada ya mwingine, akisugua mpaka katikati ya vidole. Kwa hiyo ng'ombe alipoanza kulala na matope, baba hakuvumilia. Kila jioni alishuka bondeni na ndoo na kitambaa, akainua mguu mmoja mmoja, akaosha. Mama alisema hata yeye hajawahi kuoshwa hivyo, na alisema kwa sauti ya kutosha ili asikike.

Kabla mahindi hayajatoa mbelewele, ng'ombe akaanza kuchechemea. Mguu wa mbele wa kulia ulivimba juu ya ukwato, na katikati ya kwato pakawa na utando mweupe na harufu ambayo ukishaisikia hutaisahau. Baba alikwenda mjini, akaingia duka la dawa za mifugo, akaeleza. Muuzaji alimwambia hiyo inaonekana ni fangasi, akampa dawa ya unga na kumwambia ahakikishe mguu unakuwa safi na mkavu. Basi hapo baba akatulia kabisa, kwa sababu fangasi aliijua. Mkulima gani wa mpunga hana fangasi za vidoleni? Yeye za kwake alizitibu kwa kuosha sana kwa sabuni, kupaka dawa, na kuvaa soksi ili asikanyage uchafu tena.

Ndivyo alivyofanya. Akaongeza kuosha, sasa asubuhi na jioni, kwa sabuni ya mche. Akapaka ule unga. Halafu, kwa kuwa soksi ya ng'ombe haiuzwi mahali popote, akatafuta tyubu kuukuu ya tairi la lori, akaikata, akaishona kwa uzi wa kushonea magunia, akamvalisha ng'ombe viatu. Vinne, hata miguu mizima, kwa kinga. Kanisani watu walitoka ibadani wakapitia bondeni kutazama. Wengine walicheka, lakini wengi walimsifu, na mchungaji alisema hajaona mtu anayetunza zawadi namna ile.

Mimi nilikwenda kuwasalimia wazazi nikakuta hali hiyo. Nimeishi na wafugaji miaka kadhaa, sikuhitaji kuambiwa. Nilisikia harufu kabla sijafika bandani. Nikamwambia baba kwamba ng'ombe haoshwi miguu, kwamba kwato zikilowa zinakuwa laini na kuoza, kwamba lile limpira linafungia maji ndani na ukungu unafanya sherehe humo. Nilisema kwa ukali kidogo, ndivyo nilivyo, subira sikupewa. Baba akanitania, akasema kumbe binti akiolewa na wafugaji anarudi nyumbani akiwa daktari. Alikuwa anatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa unampapasa ng'ombe shingoni bila kukoma, nikaona kwamba anaogopa. Mwenye bucha alikuwa ameshapita mara moja. Alisema kwa upole tu kwamba ng'ombe asiyesimama hukonda haraka, na ni heri kuuza nyama ikiwa bado ipo. Baba hakulala vizuri baada ya hapo. Angemkosa ng'ombe yule, asingepata mwingine maisha yake yote, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Nikamwambia, basi, kule kwa wakwe zako ugonjwa huu wanautibu wenyewe, wanaujua vizuri. Nilisema hivyo nikiwa nafunga khanga niondoke.

Niliporudi nikamweleza mume wangu, ingawa siku zile kuongea naye kulikuwa kazi. Nitafika huko. Akaenda kumweleza baba yake. Baba mkwe wangu ni mtu mrefu, mkimya, ambaye anaweza kukaa na jambo kinywani kutwa nzima kama tumbaku. Alijibu kwamba ng'ombe aliyetoka zizini kwake kwa ajili ya mke, yeye hana macho naye tena. Nilikasirika sana, nikaona ni ugumu wa moyo. Mama mkwe ndiye aliyenielewesha tukiwa tunapepeta mahindi. Ukitoa ng'ombe wa mahari kisha ukaenda kumchungulia kule alikokwenda, unamkosea heshima mkwe wako. Ukimwambia anamtunza vibaya, ndiyo umemtukana kabisa, maana ni kama kusema hukupaswa kumpa. Na kuna baya zaidi ya hilo, akasema. Watu wataona unamkagua ili umdai. Ng'ombe wa mahari anatembea upande mmoja tu, akirudi, harudi peke yake. Anarudi na ndoa.

Kwa hiyo aliyejua dawa alikuwa amefungwa mdomo na heshima, na asiyejua alikuwa anaosha. Mimi katikati. Niliwaza kumwita mtaalamu wa mifugo wa kata, lakini barabara ilikuwa imekatika kwa mvua.

Sasa habari yangu na mume wangu. Alikuwa anataka tuhamishe mifugo kwenda kusini, huko upande wa Kibaoni, ambako ndugu zake walimwambia malisho yapo. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimepanda mpunga wangu, watoto walikuwa shuleni, na nimezaliwa na watu waliohamahama mpaka wakachoka. Tulibishana jioni moja kwa sauti, mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Baada ya hapo tulinuniana. Nilimwekea chakula, akala, hakuna neno. Na mtaani kwetu, ukinuniana na mumeo leo, kesho unaulizwa kisimani kama umeshafunga mizigo.

Hali ikiwa hivyo, mchana mmoja nikawa nafua nyuma ya nyumba, nikasikia watoto wakiita babu, babu. Nikainua kichwa. Barabarani alikuwa anakuja baba yangu, amevaa koti lake la kanisani, kamba mkononi, na nyuma yake ng'ombe mwekundu mwenye doa usoni, anachechemea na viatu vyake vinne.

Nilijua papo hapo amekuja kufanya nini, nilimjua baba yangu. Alikuwa anampeleka mgonjwa wake hospitali, basi. Kwao kule makazini mahari ilikuwa majembe na mablanketi na pesa kidogo, hakuna aliyewahi kumrudisha ng'ombe wa mtu, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa na mahali pa kuingilia kichwani mwake. Lakini hilo nililijua mimi peke yangu. Watu waliokuwa wanapalilia kando ya barabara walikuwa wamesimama na majembe yao, wanamtazama mzee wa Kirundi akimrudisha ng'ombe wa mahari mchana kweupe, siku ambazo binti yake na mumewe hawasemeshani. Alikuwa amepita mbele ya kijiji kizima hivyo hivyo, akiwasalimia kwa furaha.

Mama mkwe alitoka jikoni, akaona, akakaa chini palepale mlangoni, akaweka mikono kichwani. Akaanza kulia bila sauti. Mume wangu alitoka zizini. Alimtazama baba na ng'ombe wake kwanza, halafu akanigeukia, akaniambia neno lake la kwanza tangu tununiane.

"Umemwita aje akuchukue?"

Nikasema hapana. Niliona kwamba hakuniamini, na niliona pia kwamba midomo yake inatetemeka, mwanaume yule ambaye nilidhani amenichoka. Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimeshajiandaa kumchukia.

Baba mkwe alikuwa amekaa kivulini anachonga mpini. Aliweka panga chini, akachukua fimbo yake, akatoka. Hakukimbia, lakini sijawahi kumwona akitembea haraka vile. Boma lao limezungushiwa minyaa, na kuna uwazi mmoja wa kuingilia. Alipita pale, akawahi kumfikia baba kabla ng'ombe hajakanyaga uwazi ule, akasimama katikati. Wakasalimiana. Baba akataka kusogea aingie, baba mkwe hakumpisha. Sisi sote tulikuwa tumefuata mpaka kwenye minyaa, na wale wa majembe walikuwa wamesogea pia, bila hata kujifanya wanapalilia.

"Mkwe," baba mkwe akasema, "ng'ombe huyu anarudi au anaumwa?"

Baba alimshangaa. "Anaumwa," akajibu. "Angekuwa mzima, ningemtembeza njia yote hii ili iweje?"

Nilimwona baba mkwe akishusha mabega. Akageuka kwa wale watu waliokuwa barabarani, yeye ambaye hasemi, akawatangazia kwamba mkwe wake ana mgonjwa na amekuja kuomba msaada wa dawa, kama kuna mwenye mrututu nyumbani aulete. Alitumia sauti ya kuitia ng'ombe, ikafika mpaka mashamba ya mbali. Halafu akamwambia baba kwa upole kwamba mgonjwa wao asiingie ndani, atatibiwa hapohapo nje. Hakueleza sababu. Baba alidhani wanaogopa ugonjwa usiambukize wengine, akakubali, akasema hata yeye angefanya hivyo.

Kando ya barabara, nje ya minyaa, kulikuwa na kichuguu cha zamani kilichosawazishwa, udongo wake mgumu na mkavu hata mvua ikinyesha. Mume wangu na kaka yake walikata miti wakapiga ua mdogo pale na paa la nyasi. Baba mkwe alipiga magoti, akaanza kufungua viatu. Cha kwanza kilipovuliwa, harufu ilitufanya sote tugeuze nyuso. Yeye hakugeuza. Alikitikisa kile kiatu maji yakatoka, akakiweka pembeni kwa uangalifu kama mtu anavyoweka kofia ya mgeni. Hakusema neno juu ya viatu, si siku ile wala baadaye. Vyote vinne vilipangwa mstari.

Akanoa kisu. Baba akashika kichwa cha ng'ombe, mume wangu akaushika mguu, na baba mkwe akaanza kukata ukwato uliolainika, kidogo kidogo, ukitoka mweupe na unyevunyevu kama jibini iliyoharibika. Alikata mpaka akafika penye ukwato mgumu. Ukungu hauishi penye hewa na ukavu, alisema, akimwambia mwanawe kana kwamba mwanawe hajui, ili baba asikie bila kuambiwa. Majivu yaliletwa, na jirani mmoja, yule yule aliyezima redio, akaja na mrututu wake, vile vijiwe vya bluu vya dawa, umefungwa kwenye kitambaa. Waliuponda, wakaukoroga kwenye maji kidogo, wakapaka. Mguu ukawa wa bluu. Wakasubiri ukauke kabisa, wakaupaka majivu, wakamwacha mnyama asimame pakavu.

Ndipo baba, taratibu, akasema, "Mimi nilikuwa namuosha."

"Ng'ombe hana taulo, mkwe," baba mkwe akamjibu.

Baba alicheka. Kisha kicheko kikakatika, akaangalia viatu vyake pale chini, na nikaona amevielewa. Uso wa mzazi wako ukiwa hivyo hutatamani kuuona mara mbili. Baba mkwe naye aliona, akampa kisu, akamwambia ukwato mmoja wa nyuma nao umelainika, umalize wewe, mimi macho yangu hayaoni vizuri jua likiwa hivi. Macho yake yanaona mbuzi mlima wa pili. Baba akapiga magoti, akakata kidogo kidogo kama alivyoona.

Walikaa kichuguuni siku nyingi kidogo, wazee wawili na ng'ombe. Baba alikataa kurudi nyumbani mpaka amwone anatembea. Kila aliyepita barabarani aliitwa na baba mkwe aje amwone mgonjwa, hata wasiotaka, mpaka habari ya mgonjwa ikasambaa kuliko ile nyingine. Mimi niliwapelekea chakula, nikipiga goti kwa mmoja na kugombezwa na mwingine kwamba ugali umepoa. Mume wangu alikuwa akija kunipokea sinia njiani. Siku ya kwanza hatukusema kitu, siku ya pili akaniuliza kama kweli sikumwita baba. Nikamwambia ningetaka kuondoka ningesema kwa mdomo wangu, na anaujua mdomo wangu. Akasema ndiyo, anaujua. Tukakubaliana kwamba mifugo ataipeleka yeye na kaka yake kiangazi kikianza, na mimi nitabaki na mpunga na watoto, atarudi mvua zikirudi. Si jawabu zuri sana, lakini ndilo tunaloishi nalo mpaka leo.

Ng'ombe alipona. Ukwato mmoja umeota umepinda kidogo, lakini mguu unakanyaga. Asubuhi baba alipoondoka naye, baba mkwe aliwasindikiza hadi mpaka wa shamba lake akaishia hapo. Mimi nikaendelea na baba hadi kwenye daraja la magogo. Njiani alinieleza mipango yake: atalihamisha banda lipande juu, karibu na jiko, atamwaga kokoto, atatunza majivu yote ya nyumbani, mama asiyatupe tena. Alikuwa anaongea kama kijana aliyepata kazi. Tukafika darajani, akasita.

"Hivi mama mkwe wako siku ile alikuwa analia nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia. Nikamweleza maana ya ng'ombe wa mahari kurudi, na watu wenye majembe walikuwa wanatazama nini, na mume wangu aliniuliza nini. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kamba ikiwa mkononi, ng'ombe akila majani ya pembeni.

"Mimi nilidhani anamlilia ng'ombe," akasema. Akaizungusha kamba mkononi. "Na wewe? Wewe ulidhani nimekuja kukurudisha?"

Nikasema hapana, nilijua amekuja kwa sababu ya mguu.

"Basi, mwana wanje, nisikilize," akasema, akiniita mwanangu kwa Kirundi. "Siku nikisikia wanakutesa, sitakuja na ng'ombe anayechechemea, nipoteze asubuhi nzima njiani. Nitakuja na bodaboda, nikuchukue wewe kwanza. Huyu ng'ombe, wao wenyewe watakuja kumchukua."